Parkinson: Saa ya dawa na sahani ya muthokoi
Maradhi ya Parkinson, aliyoyaeleza tabibu Mwingereza James Parkinson mwaka 1817, hutokea seli za ubongo zinazotengeneza dopamini zinapokufa. Mgonjwa hutetemeka, hukakamaa viungo na hatua zake hufupika. Si uchawi, wala si uzee mtupu. Hayaponi, ila tembe za levodopa hurejesha wepesi wa mwili kwa saa kadhaa.

Walezi wa Kitui na Makueni wazingatie jambo moja: protini ya maharagwe katika muthokoi huweza kuzuia dawa kufyonzwa. Kwa kawaida tembe humezwa nusu saa kabla ya mlo, au saa moja baadaye. Mgonjwa asinyimwe maharagwe. Yasogezwe jioni, daktari akiafiki.

Dawa isikatizwe ghafla, hata fedha zikipungua: huweza kuleta homa kali inayohatarisha maisha. Mlezi naye apokewe zamu za usiku.