Menyu yenye haipotezi mtu: kutoka kwa Lamarck mpaka ku telefone zetu



Wenye tumesoma agronomia tunakumbuka: unashika tawi mkononi, kitabu kinakuuliza kama majani yanaelekeana ao yanapishana. Unachagua, unaenda ku ulizo lingine, mpaka unafika ku jina la mmea. Mfaransa Lamarck alipanga hivyo kitabu chake cha mimea ya Ufaransa, mwaka 1778. Kila hatua, machaguo mawili. Ile njo menyu, mbele ordinateri izaliwe.

Ku ordinateri za zamani, mtu alipaswa kushika amri mu kichwa na kuziandika. Herufi moja ikikosa, mashine inakataa. Menyu iligeuza kazi: mashine inaonyesha, mtu anatambua. Lakini aonyeshwe machaguo mangapi kwa mara moja?

Mu 1981, mtafiti Dwight Miller alipanga maneno 64 kwa namna ine: hatua sita za mawili-mawili, hatua tatu za mane-mane, hatua mbili za manane-manane, ao yote mara moja. Manane kwa manane ilishinda. Maneno mengi pamoja yanachosha macho. Hatua nyingi, kila moja ni nafasi mpya ya kupotea. Ku kitabu cha Lamarck si shida, mmea haukimbii. Ku mashine, mtu anasahau kwenye alipitia.

Mu 1983, ordinateri Lisa ya Apple ilitoka na majina ya menyu juu ya ekra. Ukifinya jina, amri zake zinashuka. Watengenezaji wake walikuwa wanakaa kuangalia watu wakiijaribu.

Sasa muangalie menyu ya kutuma pesa ku telefone ndogo. Ujumbe mumoja haupite herufi 182, na ukikawia inajifunga. Mama muuzaji wa mihogo anafinya 1, kisha 4, kisha 2. Akikosa ku hatua ya tano, anaanza upya. Mwisho anapatia kijana wa jirani telefone, pamoja na namba yake ya siri. Kuanzia pale, pesa yake iko mu mikono ya mwingine. Na tunasema: mama hajasoma. Hapana. Mwenye kupanga menyu njo alikosa.

Kesho, wamoja kati yetu wataombwa kupanga menyu ya bei za mazao ao ya mbegu. Mbele ya kumaliza, peleka ile telefone soko, mupatie mama, na ufunge kinywa. Pale anasimama kufikiri, njo pale pa kutengeneza.