Taka za sokoni na joto la dunia

TAKA zinazotupwa majalalani madhara yake si harufu na nzi pekee. Maganda ya ndizi, mboga zilizochina na mabaki ya chakula yanapofukiwa pasipo hewa, bakteria huyaozesha na kutoa methani, mojawapo ya gesi zinazoongeza joto duniani.

Katika kipindi cha miaka 100, tani moja ya methani huongeza joto takriban mara 28 zaidi ya tani moja ya kaboni dayoksaidi. Katika miaka 20 ya mwanzo, tofauti hiyo huzidi mara 80. Hata hivyo, methani hudumu angani kwa takriban miaka 12 tu, hivyo kuipunguza huleta nafuu mapema.

Dar es Salaam, mkoa uliokuwa na wakazi zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya mwaka 2022, umepitia njia mbili za kuikabili.

Njia ya kwanza ni kuinasa gesi. Mwaka 2007 mradi wa dampo la Mtoni, Temeke, uliandikishwa chini ya Itifaki ya Kyoto. Katika miradi ya aina hiyo, gesi huvutwa kwa mabomba yaliyozamishwa ndani ya lundo, kisha huchomwa au kuzalisha umeme. Methani ikiungua hugeuka kaboni dayoksaidi na mvuke, na makali yake hupungua. Tatizo ni kwamba sehemu ya gesi hupotea kabla ya kunaswa, na mapato ya hewa ukaa hayatabiriki: bei yake iliporomoka mwaka 2012.

Njia ya pili ni kuzuia gesi isizaliwe. Kiwanda cha Mabwepande, Kinondoni, kilijengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, Ujerumani, ili kugeuza taka za masokoni kuwa mboji. Lundo linapopinduliwa mara kwa mara, hewa hupenya, taka huoza bila kutoa methani nyingi, na mkulima hupata mbolea.

Lakini mboji yenye vipande vya chupa, plastiki na betri hainunuliki. Kwa hiyo kazi huanzia jikoni na kwenye meza ya muuza mboga, kwa kutenga taka zinazooza. Aidha, utengaji huo hauna maana iwapo gari la taka litazichanganya tena njiani. Hapo wajibu ni wa halmashauri zinazotoza ada ya uzoaji.