Samaki na konokono wa kusafisha tangi: Tazama maji kwanza

TANGI la kioo lililowekwa karibu na dirisha katika nyumba ya Mji wa Kale, Mombasa, halikawii kugeuka rangi. Baada ya wiki chache vioo huingia utando wa kijani na mawe huteleza. Utando huo ni mwani, viumbe vidogo vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga kama ifanyavyo mimea, na hustawi kwa jua, joto na mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki.

Wafugaji wengi hukimbilia kununua samaki anayekula mwani. Hata hivyo, samaki huyo naye hutoa kinyesi kinachourutubisha mwani uliobaki. Kwa hivyo tangi liondolewe juani kwanza, taa iwashwe saa zisizozidi nane kwa siku, chakula kiwe kile kinachomalizika kwa dakika chache, na robo ya maji ibadilishwe kila wiki. Kiumbe msafishaji ni msaidizi tu wa kazi hiyo.

Jambo la pili ni aina ya maji. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, hivyo maji ya visima vyake huwa na chokaa nyingi, na mara nyingi chumvi pia. Maji ya mfereji hutoka bara, kwenye vyanzo kama chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, na hutiwa dawa ya klorini. Hayo yaachwe katika ndoo wazi kwa siku nzima kabla ya kutiwa tangini.

Anayetegemea kisima atafaidika na moli, samaki mdogo mwenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati. Hudonoa mwani mchana kutwa na huvumilia chokaa na chumvi. Mwenzake ni konokono wa jamii ya nerite, ambao baadhi yao huishi katika mikoko ya Afrika Mashariki. Hukwangua vioo vizuri na hawajai tangini, kwa kuwa makinda yao huhitaji maji ya chumvi ili wakue. Tangi liwe na kifuniko, maana konokono hao hupanda hadi nje.

Kwa maji ya mfereji, ansistrasi wa Amerika Kusini anafaa. Hafikii sentimita 20, na hupenda kipande cha gogo na vipande vya tango. Asichanganywe na pleko wa kawaida, anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole lakini hupita sentimita 30. Samaki ajulikanaye kama mla mwani wa Kichina pia aepukwe: akiwa mchanga hula mwani, akikomaa huuacha na kuwashambulia wenzake.

Kamba wadogo waliopata umaarufu kupitia Mjapani Takashi Amano nao ni walaji hodari wa mwani. Lakini joto kali la Pwani huwadhoofisha, na dawa za samaki zenye shaba huwaua wao na konokono pia.

Hatari kubwa zaidi imo katika kutafuta konokono wa bure. Konokono wa jamii ya bulinasi, wapatikanao katika mabwawa na vijito vya Kwale na Kilifi, hueneza kichocho. Vijidudu vya ugonjwa huo hutoka ndani ya konokono, huogelea majini na kupenya ngozi ya binadamu. Anayetumbukiza mkono kusafisha tangi lenye konokono aliyeambukizwa anaweza kuugua. Kwa kuwa ni vigumu kumtambua kwa macho, konokono yeyote wa bwawani asiletwe nyumbani, wala magugu ya huko, ambayo huweza kubeba mayai yake.

Viumbe wa tangi nao wasitupwe mtoni. Kamba wekundu wa Marekani walioingizwa Ziwa Naivasha mwaka wa 1970 walienea na kuiteketeza sehemu kubwa ya mimea ya majini. Kiumbe asiyetakiwa tena arudishwe dukani au apewe mfugaji mwingine.