Maktaba za JavaScript katika Kliniki za Kisumu

Nyalenda, mtaa ulioenea kusini mwa Kisumu kati ya majumba ya Milimani na ufuo wa Dunga, na ambao mipaka ya kisiasa imeugawa katika wadi mbili zilizo chini ya maeneobunge mawili, si mahali panapotajwa katika historia za JavaScript. Hata hivyo, kaunti zinazopakana na Ziwa Victoria ndizo zilizoelemewa zaidi na virusi vya ukimwi nchini Kenya, na mapambano dhidi ya virusi hivyo ndiyo yaliyoingiza kompyuta katika zahanati na hospitali nyingi za umma za ukanda huu. Kwa sababu hiyo, wagonjwa wa Nyalenda, na wa mitaa mingine ya Kisumu kama Manyatta na Obunga, wamekuwa, bila wenyewe kuulizwa, sehemu ya mabadiliko karibu yote makubwa ya maktaba za lugha hiyo. Ukiifuata historia hiyo kutoka upande wa kliniki, utaona kwamba sifa za maktaba, ambazo wataalamu huzibishania sana, hazikuwa na uzito mkubwa. Kilichoamua ni mahali seva ilipowekwa, na nani angekuwapo kuirekebisha programu pindi inapoharibika.

JavaScript ni lugha ya programu inayoeleweka na kivinjari, yaani programu ambayo mtu huitumia kufungua kurasa za tovuti. Brendan Eich aliiandika kwa siku 10 mnamo Mei 1995 akiwa mfanyakazi wa kampuni ya Netscape. Maktaba, katika kazi hii, ni mkusanyiko wa msimbo uliokwisha kuandikwa, ambao mtengenezaji huuazima ili asirudie kuandika yale ambayo wenzake wamekwisha kuyatatua. Kiunzi ni maktaba kubwa zaidi, inayomwelekeza mtengenezaji namna ya kupanga kazi yake yote, na ndiyo maana kukihama kiunzi hugharimu zaidi kuliko kuihama maktaba. Hadi katikati ya muongo wa 2000, kurasa nyingi zilikuwa butu: kila alichobonyeza mtumiaji kiliilazimu seva, yaani kompyuta inayohifadhi na kutuma kurasa, kutuma ukurasa mzima upya. Mnamo Februari 2005 Jesse James Garrett aliupa jina la Ajax mtindo wa kuomba kipande kidogo tu cha data huku ukurasa ukibaki palepale, na kuanzia hapo maktaba zikachipuka kwa wingi, zikiwemo Dojo, Prototype na, mnamo Januari 2006, jQuery ya John Resig, ambayo ilipendwa kwa sababu iliwafichia watengenezaji tofauti sumbufu zilizokuwapo baina ya vivinjari.

Kisumu ya miaka hiyo haikuwa na mazingira ya kuupokea mtindo huo kwa urahisi. Kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kutua Mombasa mwaka 2009, mawasiliano ya Kenya na dunia yalipitia setilaiti, kwa bei ya juu na kasi ndogo, na mteja wa saiba alilipia dakika alizokaa mbele ya mashine, zikiwemo zile za kusubiri ukurasa ufunguke. Wenye simu za vitufe zilizokuwa na intaneti walitegemea kivinjari cha Opera Mini, kilichoanza kusambazwa duniani kote mwaka 2006. Kivinjari hicho kiliupitisha ukurasa kwanza katika seva za kampuni, kikaubana, kisha kikautuma ukiwa mwepesi, jambo lililookoa pesa nyingi za mtumiaji. Lakini JavaScript ilitekelezwa huko kwenye seva kwa muda mfupi tu kisha ikakatizwa, kiasi kwamba ukurasa uliotegemea maktaba kujichora wenyewe ungeweza kufika ukiwa mtupu. Aliyetaka kumfikia msomaji wa Nyalenda kwa njia ya tovuti, kwa hiyo, alikuwa na sababu nzuri ya kutochagua maktaba yoyote.

Ushahidi, mradi wa kuripoti matukio kwenye ramani uliozaliwa Januari 2008 katika vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo Kisumu iliumizwa nazo vibaya, ulilikwepa tatizo hilo kwa kutenganisha njia mbili: aliyeripoti tukio aliweza kutuma ujumbe mfupi kwa simu yoyote, hata ile ya mulika mwizi, na ramani yenye kuingiliana na mtazamaji ikabaki kwa wenye kompyuta. David Kobia ndiye aliyeandika toleo la kwanza kwa siku chache, kufuatia wazo la Ory Okolloh na wenzao Erik Hersman na Juliana Rotich. Na programu ilipokua, sehemu ya seva iliandikwa kwa PHP, ilhali ramani yake iliendeshwa kwa maktaba za OpenLayers na jQuery. Katika toleo la tatu sehemu inayoonekana ilitengwa kabisa na seva, ikajengwa kwanza kwa Backbone pamoja na nyongeza yake Marionette, kisha ikaandikwa upya kwa AngularJS ya Google. Kiunzi kubadilishwa ndani ya toleo moja ni dalili ya hali ya miaka hiyo, ambapo chaguo la busara la mwaka mmoja lilionekana la kizamani mwaka uliofuata.

Kisa kilichojaa mafunzo zaidi ni cha OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, ambayo chimbuko lake ni ziara ya madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, Marekani, mjini Eldoret mnamo Februari 2004. Huko, ushirikiano wa AMPATH, uliounganisha Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yake ya rufaa na vyuo vya Amerika Kaskazini vikiongozwa na Indiana, ulikuwa na idadi ya wagonjwa iliyokuwa ikipanda kwa kasi ambayo mfumo wa awali wa kituo cha afya cha Mosoriot haukuundwa kuibeba. OpenMRS ilianza kutumika Eldoret mnamo Februari 2006, na kumbukumbu za vituo vya mbali, kama Chulaimbo kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, zikaingizwa humo; nako Kisumu kwenyewe, mpango wa FACES wa taasisi ya KEMRI na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ukaitumia programu hiyohiyo.

Kwa sehemu kubwa OpenMRS ya kwanza ilikuwa programu ya Java iliyotunga kurasa zake kwenye seva, na JavaScript ilihitajika hasa katika kisanduku cha kumtafuta mgonjwa. Kisanduku hicho hakikuwa pambo. Katika ukanda ambamo maelfu ya watu huitwa Otieno na Achieng, na ambamo mgonjwa aweza kuja bila kadi yake, karani hawezi kuandika jina, kubonyeza, kungoja ukurasa mzima, kisha kuanza upya kwa sababu orodha ni ndefu mno; anahitaji orodha inayopungua kadiri anavyoongeza herufi, hadi yabaki majina machache ambayo umri na kijiji vinaweza kuyatofautisha. Kazi hiyo ilifanywa kwa Dojo, maktaba yenye uwezo mkubwa lakini nzito, na ambayo baadaye iliipisha jQuery. Sababu ya kuipisha haikuhitaji utafiti: vijana waliokuwa wakiingia katika kazi hii walikuwa wameijua jQuery tayari, na wachache tu ndio waliokuwa tayari kujifunza Dojo kwa ajili ya mradi mmoja.

Baadaye ilikuja KenyaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS kwa ajili ya vituo vya Wizara ya Afya, na hapo suala la uzito likageuka kabisa. Seva ya KenyaEMR kwa kawaida huwekwa ndani ya kituo chenyewe, ikaunganishwa na mashine za karani, tabibu na mfamasia kwa mtandao wa ndani, na data hupelekwa kwenye hifadhi ya taifa baadaye. Maktaba ambayo ingemmalizia bando mkazi wa Nyalenda anayefungua tovuti kwa simu yake haina ubaya huo inapopita mita chache za waya chini ya paa moja. Ni kosa, kwa hiyo, kudhani kwamba Afrika nzima huhitaji maktaba nyepesi. Palipo na seva chumbani, adui ni umeme unaokatika na kompyuta iliyochoka, na maswali ya kuuliza kuhusu maktaba ni mengine.

Maingiliano yenyewe yanaonekana vizuri katika fomu ya ziara. Kadi ya buluu ya Wizara, inayojulikana kwa namba MOH 257, ilikuwa karatasi ambayo tabibu aliijaza kwa kalamu na karani akainakili baadaye. Fomu za kwanza za kompyuta ziliiga karatasi hiyo: maswali yote yalionekana kwa pamoja, na seva ilitambua makosa baada ya fomu nzima kutumwa. Tabibu alipoanza kuandika mwenyewe huku mgonjwa ameketi mbele yake, mpangilio huo haukufaa tena. Alihitaji kwamba akijibu ndiyo kwenye swali la kikohozi, maswali ya kifua kikuu yafuate papo hapo, na akijibu hapana yasimsumbue. Alihitaji pia kwamba uzito ulioandikwa kimakosa ubainishwe kabla mgonjwa hajainuka. Fomu ya namna hiyo ndiyo iliyowasukuma watengenezaji wa AMPATH kuingia katika AngularJS, na Google ilipotoa Angular mpya mnamo Septemba 2016, iliyoandikwa upya kiasi cha kutoafikiana na ile ya zamani, wakalazimika kuandika upya mfumo wao. Msaada rasmi kwa AngularJS ulikoma Desemba 2021.

Katika miaka hiyo ya kuandika upya, React, iliyotangazwa na Facebook mnamo Mei 2013, ilikuwa imeenea, ingawa kifungu cha hataza katika leseni yake kiliwatia wasiwasi watu wa programu huria hadi Septemba 2017, kampuni ilipokubali leseni ya MIT. Vue ya Evan You, iliyotoka Februari 2014 na ambayo wengi huiona kuwa rahisi zaidi kujifunza, haikupata nafasi katika OpenMRS, na ni vigumu kuona sababu nyingine isipokuwa kwamba mashirika yaliyoshirikiana yalikuwa na watu wa React na Angular. OpenMRS 3, ambayo KenyaEMR imeanza kuifuata katika miaka ya karibuni, ilichagua React kuwa kiunzi cha kawaida, lakini ikaweka chini yake single-spa, chombo kinachoruhusu vipande vilivyoandikwa kwa viunzi tofauti kuishi katika ukurasa mmoja. Matokeo yake ni kwamba injini ya fomu ya AMPATH, iliyoandikwa kwa Angular, haikutupwa: ilifungwa ndani ya mfumo wa React ikaendelea na kazi, na tabibu aliyehama kutoka orodha ya wagonjwa kwenda fomu ya ziara alivuka kutoka kiunzi kimoja kwenda kingine bila kujua. Wanaopenda usafi wa msimbo huchukizwa na mchanganyiko huo. Lakini kwa mradi ambao fomu zake zilikwisha kusahihishwa na matabibu kwa miaka, kuzitupa ndiyo ingekuwa hasara.

Swali la nani atakayerekebisha lilipata uzito mpya Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90, kwani kazi kubwa ya KenyaEMR ilikuwa imelipiwa na PEPFAR, mpango wa serikali hiyo wa kupambana na ukimwi. Msimbo ni huria na unabaki, ila mshahara wa anayeufahamu haubaki hivyo. Ndiyo maana mafunzo yanayotolewa Kisumu yenyewe, katika kituo cha LakeHub na shule ya Zone01 iliyotokana nacho, yanaihusu historia hii moja kwa moja. Mtaala wa mtandao wa shule ambamo Zone01 imo huwazuia wanagenzi kutumia kiunzi chochote katika miradi kadhaa ya mwanzo, kisha huwataka wabuni kiunzi chao kidogo na kukitumia kuandika TodoMVC, orodha ya shughuli ambayo kwa zaidi ya muongo mmoja imekuwa kipimo cha kulinganisha maktaba hizi duniani. Ni zoezi zuri, ingawa orodha hiyo haina swali la kikohozi, haina Otieno mia tatu, wala haimwulizi mwanagenzi fomu iwe katika hali gani umeme unaporudi.