Ukilipa kwa M-Pesa kwenye tovuti, tovuti inajuaje? Huduma za wavuti kwa lugha rahisi

Unanunua viatu vya Sh2,500 kwenye duka la mtandaoni nchini Kenya. Unaandika namba ya simu, unabofya "Lipa", na sekunde chache baadaye simu inakuletea kisanduku cha kuweka PIN. Unaweka, ujumbe wa M-Pesa unaingia, na tovuti inaandika: "Asante, malipo yamepokelewa."

Unaweza kudhani ni mfumo mmoja, kumbe ni miwili, na kila mmoja una mwenyewe. Duka halimiliki M-Pesa, na M-Pesa haijui kama duka linauza viatu au sufuria. Kinachoiunganisha mifumo hiyo kinaitwa huduma ya wavuti.

Kama unajifunza kutengeneza tovuti, au una duka na unamlipa mtu akutengenezee, kuna jambo moja la kushika kabla ya mengine yote: jibu la "ombi limepokelewa" na jibu la "pesa zimelipwa" ni majibu mawili tofauti. Ukiyachanganya, utatoa mzigo bure.

Huduma ya wavuti ni nini?

Ni njia ya programu moja kuiomba programu nyingine kazi kupitia intaneti. Wewe ukifungua tovuti, kivinjari chako kinaletewa ukurasa wenye maandishi na picha ili usome. Programu ikitumia huduma ya wavuti, yenyewe inaletewa data tupu, iliyopangwa ili isomwe na programu.

Kanuni za mazungumzo hayo, yaani uombe wapi, utume nini na utarajie jibu gani, ndizo zinaitwa API. Ni kama dirisha la kuagizia chakula hotelini. Huingii jikoni. Unataja kilichoandikwa ubaoni, unalipa, unaletewa. Jikoni wakibadilisha jiko au mpishi, wewe hujui na wala huhitaji kujua, alimradi ubao ni uleule.

Ndiyo maana duka dogo linaweza kuwa na ramani, SMS na malipo bila kujenga hata kimoja. Ramani inatoka Google Maps, SMS zinapitia kampuni kama Africa's Talking ya Nairobi, na malipo yanapitia M-Pesa. Kazi ya msanidi ni kuviunganisha.

SOAP, REST na JSON

Huduma za mwanzo zilitumia sana utaratibu unaoitwa SOAP, uliobuniwa mwaka 1998. Kila ombi lilifungwa ndani ya XML, maandishi marefu yenye alama nyingi. SOAP bado ipo, hasa kwenye mifumo ya benki na ya serikali.

Mwaka 2000, Roy Fielding alieleza mtindo wa REST katika tasnifu yake ya udaktari kwenye Chuo Kikuu cha California, Irvine. REST hutumia njia zilezile za wavuti wa kawaida: kila kitu kina anwani yake, na ombi linasema unataka kukisoma, kukiongeza, kukibadilisha au kukifuta. Data nyingi siku hizi husafiri kwa JSON, ambayo ni fupi na hata mtu anaweza kuisoma kwa macho.

Daraja: mfano wa Kenya

M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007. Mwaka 2017 Safaricom ikafungua Daraja, jukwaa ambalo msanidi yeyote anaweza kujisajili na kuanza kuunganisha programu yake na M-Pesa. Lina uwanja wa majaribio, kwa hiyo unajifunza bila kugusa hela za wateja.

Huduma inayopendwa sana na maduka ya mtandaoni ni STK Push, ile inayoleta kisanduku cha PIN. STK ni ile menyu iliyo ndani ya laini ya simu. Ndiyo sababu kisanduku hutokea hata kwenye kabambe isiyo na intaneti: ombi linafika kupitia mtandao wa simu, si kupitia bando lako.

Ukibofya "Lipa", mambo huenda hivi:

1. Seva ya duka inajitambulisha. Inatuma funguo mbili ilizopewa na Daraja, inarudishiwa tokeni. Tokeni hiyo hufanya kazi kwa sekunde 3,600, yaani saa moja, kisha inaombwa nyingine.

2. Seva inatuma ombi la malipo. Ndani yake kuna namba ya biashara, kiasi, namba ya simu ya mteja inayoanza na 254, muda wa ombi, na nywila iliyotengenezwa kutokana na namba ya biashara, ufunguo wa siri na muda huo. Pia kuna anwani ya majibu, mahali ambapo M-Pesa itarudisha taarifa.

3. Daraja inajibu papo hapo. Inasema ombi limekubaliwa, ikitoa ResponseCode 0 na namba ya kipekee inayoitwa CheckoutRequestID.

4. Mteja anaona kisanduku. Anaweka PIN, anakataa, au anaiacha simu mezani.

5. M-Pesa inatuma jibu la mwisho kwenye ile anwani ya majibu. Hapa sasa ndipo duka linajua kama kuna pesa.

Kasheshe iko kati ya hatua ya 3 na ya 5

Angalia tena hatua ya 3. Jibu limekuja, lina sifuri ya mafanikio, na mteja hajaweka hata tarakimu moja ya PIN. Sifuri hiyo inamaanisha tu kwamba ombi liliandikwa vizuri na limepokelewa.

Msanidi mgeni anaiona sifuri, anaandika "Umelipa" na kuruhusu viatu vitoke. Mteja naye anabofya kukataa. Viatu vimeondoka, hela hazijaingia.

Jibu la kuaminiwa ni la hatua ya 5, lenye ResultCode. Baadhi ya namba zake ni hizi:

- 0: mteja amelipa. Jibu huja na kiasi, namba ya risiti ya M-Pesa na muda wa malipo.
- 1: salio halitoshi.
- 1032: mteja amekataa ombi.
- 1037: mteja hakupatikana au hakujibu kwa wakati.

Kwa hiyo oda inahitaji hali tatu, siyo mbili: *inasubiri*, *imelipwa* na *imeshindikana*. Ikitoka hatua ya 3 inabaki "inasubiri". Ni hatua ya 5 pekee inayoitoa hapo.

Na jibu lisipokuja?

Hutokea. Seva ya duka inaweza kuwa imezima kwa dakika mbili, umeme umekatika, au anwani ya majibu imekosewa herufi. Mteja ana ujumbe wa M-Pesa mkononi, tovuti bado inamwambia asubiri. Anabofya tena, na pengine analipa mara mbili.

Dawa ni kuuliza. Daraja ina huduma ya kuulizia hali ya ombi: unatuma ile CheckoutRequestID, unaambiwa liliishia wapi. Oda ikikaa "inasubiri" kupita muda wa kawaida, seva iulize yenyewe kabla ya kumruhusu mteja kujaribu tena.

Kosa lingine la kawaida kwa wanaoanza ni kuweka anwani ya kompyuta yao ya mezani kama anwani ya majibu. M-Pesa haiwezi kuifikia. Anwani lazima iwe inapatikana kwenye intaneti, na kwa biashara ya kweli iwe ya HTTPS.

Mambo matano ya kukagua kabla ya kufungua duka

- Funguo zikae kwenye seva. Ukiziweka kwenye msimbo unaoendeshwa na kivinjari, mtu yeyote anaweza kuzisoma. Usizipandishe GitHub pia.
- Usiamini kila jibu linalogonga mlango. Anayeijua anwani yako ya majibu anaweza kutuma jibu la uongo kwamba amelipa. Linganisha CheckoutRequestID na zile ulizopewa, kisha thibitisha na Daraja.
- Linganisha kiasi. Oda ni ya Sh2,500? Hakikisha risiti nayo inasema 2,500.
- Jitayarishe kwa jibu kurudiwa. Jibu lilelile likija mara mbili, oda isihesabiwe mara mbili. Hifadhi namba ya risiti, na ukiiona tena usifanye kitu.
- Andika kila kitu. Tunza kumbukumbu ya ombi, jibu na muda. Siku mteja akipiga simu kulalamika, hiyo ndiyo itakayokusaidia.

Kama duka lako liko Tanzania, usichukue msimbo wa Daraja ukadhani utafanya kazi hivyo hivyo. M-Pesa ya huko inaendeshwa na Vodacom na API yake ni tofauti. Kanuni ya kusubiri uthibitisho lakini haibadiliki, na ni hiyohiyo kwa malipo ya kadi na huduma nyingine nyingi za aina hii.

Wewe unayenunua tu ufanye nini?

Kisanduku cha PIN kikichelewa, usibofye "Lipa" mara tatu. Subiri kidogo, kisha angalia kama ujumbe wa M-Pesa umeingia au salio limepungua. Kabla ya kuweka PIN, soma jina la biashara na kiasi kilichoandikwa. PIN iwekwe kwenye kisanduku hicho cha simu pekee. Tovuti ikikuomba uiandike kwenye ukurasa wake, toka, kwa sababu STK Push haihitaji duka lijue PIN yako.

Na kama wewe ndiye mwenye duka, muulize msanidi wako swali moja: "Oda inabadilika kuwa 'imelipwa' wakati gani?" Akijibu kwamba ni pale ombi linapotumwa, mwambie arudi akarekebishe kabla hujaanza kuuza.