Jinsi ya kumpata mfasiri wa Kihungari

Mfasiri hushughulikia maandishi, mkalimani hushughulikia mazungumzo; jua kwanza unamhitaji yupi.

Ukitaka cheti cha kuzaliwa au cha ndoa kilichoandikwa kwa Kiingereza kitumike Hungaria, iulize ofisi itakayokipokea inataka tafsiri ya aina gani. Nchini humo, tafsiri zenye uthibitisho rasmi kwa kawaida hutolewa na OFFI, ofisi ya tafsiri iliyoko Budapest. Kwa barua za kawaida, mfasiri mwenye cheti cha taaluma anatosha. Mkubaliane bei na siku ya kumaliza kwa maandishi.

Wahungari hutanguliza jina la ukoo. Kwa hiyo tunashauri ulinganishe majina na tarehe zote na hati yako kabla ya kuipeleka: majina yakipishana, ombi lako linaweza kukwama.