Redio iliyoshitakiwa Arusha

Wadau, Januari 2007 watangazaji wa Fox News walirudia uvumi kwamba Obama, akiwa mtoto kule Indonesia, alisoma madrasa ya itikadi kali. CNN wakatuma mwandishi Jakarta, akakuta shule ya kawaida ya serikali. Watu wakacheka, yakaisha. Lakini upendeleo wa namna hiyo unageuka jinai lini? Swali hilo lilisikilizwa hapa hapa Arusha, ndani ya jengo la AICC.

Desemba 3, 2003 mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waanzilishi wa redio RTLM, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Nahimana alikuwa profesa wa historia, jamani! RTLM ilianza Julai 1993. Ilipiga muziki mzuri, ikatania, na katikati ya utani ikawaita Watutsi mende na wageni, ikifufua nadharia ya wakoloni kwamba ni watu wa asili nyingine waliotoka Ethiopia. Baada ya Aprili 6, 1994 ikaanza kutaja watu kwa majina na mahali walipojificha.

Novemba 28, 2007 rufaa ilipunguza adhabu za wote watatu. Majaji walisema matangazo ya kabla ya Aprili 6 hayakuthibitika kuwa uchochezi wa moja kwa moja. Kisheria nawaelewa. Kama mwandishi, siafiki. Bila miezi ile tisa ya kejeli, nani angeyasikiliza majina yale na kubeba panga?